Kuongezeka, Kupungua na Kuhama: Mafundisho ya Kariakoo juu ya Idadi ya Watu na Wanyama

UTANGULIZI

Katika vikao vya Halmashauri za sharika zetu hakuna taarifa inayosomwa kwa haraka kuliko ile ya idadi ya washarika, wala hakuna inayoleta maneno mengi zaidi pale idadi hiyo inapopungua. Ikipanda, twasema Bwana amebariki kazi. Ikishuka, twaanza kumtafuta mwenye kosa: mchungaji amelegea, wainjilisti hawatembelei watu, vijana wamevutwa na makundi mengine. Huenda mojawapo ya sababu hizo ni ya kweli. Lakini mara nyingi twatoa hukumu ya kiroho juu ya jambo ambalo lilipasa kwanza kuchunguzwa kama jambo la uumbaji, yaani namna ambavyo viumbe vyote vyenye uhai huongezeka, hupungua na huhama.

Katika makala hii tutajaribu kueleza mambo matatu. Kwanza, ni njia zipi zinazobadili idadi ya watu na ya wanyama. Pili, ni mambo gani yaliyo nyuma ya njia hizo, kwa mifano kutoka nchi yetu. Tatu, mwanadamu na mnyama wanafanana wapi katika jambo hili na wanatengana wapi, na maana yake ni nini kwa mtumishi wa Neno. Tumechagua Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam, kwa sababu mahali hapo padogo panaonyesha karibu kila badiliko tutakalolitaja.

NJIA NNE ZA BADILIKO

Idadi ya viumbe wa mahali popote hubadilika kwa njia nne tu: wanaozaliwa, wanaokufa, wanaoingia na wanaotoka. Kanuni hii haina tofauti kwa nyumbu wa Serengeti, kunguru wa sokoni, au wakazi wa Mtaa wa Msimbazi. Wanaozaliwa na wanaoingia huongeza. Wanaokufa na wanaotoka hupunguza. Mtu akisema idadi imebadilika, swali la kwanza ni kumwuliza: kwa njia ipi kati ya hizo nne?

Swali hilo lina manufaa makubwa kuliko linavyoonekana. Sharika mbili zaweza kupungukiwa na watu mia moja kila moja. Mmoja umewazika, mwingine umewapoteza kwa sababu kodi za nyumba zimepanda nao wamehamia pembezoni mwa mji. Tarakimu ni ile ile, lakini huduma inayotakiwa ni tofauti kabisa.

Tena idadi iliyobaki vile vile yaweza kuficha mabadiliko makubwa. Kitabu cha Hesabu chatupatia mfano ulio wazi. Katika sensa ya kwanza wanaume wa Israeli walioweza kwenda vitani walikuwa 603,550 (Hes. 1:46). Katika sensa ya pili, mwishoni mwa safari ya jangwani, walikuwa 601,730 (Hes. 26:51). Anayetazama jumla peke yake atasema hakuna lililotokea. Lakini kizazi kizima kilikuwa kimekufa na kingine kimesimama mahali pake (Hes. 26:64-65). Kabila la Simeoni lilikuwa limeshuka kutoka 59,300 hadi 22,200, na kabila la Manase limepanda kutoka 32,200 hadi 52,700. Wafasiri wengine huhusisha anguko la Simeoni na tauni inayosimuliwa katika sura ya 25, ambamo mkuu mmoja wa kabila hilo alihusika. Andiko lenyewe halisemi hivyo. Latoa hesabu na kunyamaza, na ukimya huo ni onyo kwetu tunaopenda kutaja sababu upesi.

KARIAKOO: MAHALI PALIPOTENGENEZWA NA WAHAMIAJI

Dar es Salaam si mji wa kale kama Kilwa au Bagamoyo. Palikuwapo kijiji cha Mzizima, na katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji na bandari jirani yake. Alifariki mwaka 1870, na kazi yake ikadorora. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya mji huo makao makuu ya utawala wao. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka hapo mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Bandari, utawala na reli viliita watu, nao walikuja.

Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya badiliko la idadi ya watu, na tena la aina ya kusikitisha. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na eneo hilo likawa kambi ya kikosi cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka Kariakoo. Wapagazi hao walichukuliwa kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki na kwingineko ili kubeba vyakula na risasi kichwani. Makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. Wengi waliuawa na kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Baadhi ya mitaa ya Kariakoo, kama Mahiwa na Narung'ombe, yabeba majina ya mahali palipopiganwa vita kusini mwa nchi mwaka 1917. Wapagazi wengi walikufa pasipo majina yao kuandikwa kwa uangalifu. Tutalirudia jambo hili mbele.

Baada ya vita serikali ya kikoloni iligawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walikaa upande wa bahari, Waasia katikati, na Waafrika Kariakoo, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kama mpaka. Majina ya mitaa mingine, kama Nyamwezi, Kongo, Pemba na Sukuma, yatukumbusha jinsi Kariakoo ilivyohusiana na nchi za mbali. Nyumba iliyoenea ilikuwa ile ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Kwa namna hiyo nyumba moja iliweza kupokea wageni wa makabila manne au matano, na mgeni wa jana akawa mwenyeji wa kesho.

Tukitazama tarakimu za sensa, mji mzima ulikuwa na watu wapatao 69,000 mwaka 1948, wapatao 129,000 mwaka 1957, na wapatao 273,000 mwaka 1967. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu wapatao 843,000 mwaka 1978, milioni 1.36 mwaka 1988, karibu milioni 2.5 mwaka 2002, milioni 4.36 mwaka 2012, na milioni 5.38 mwaka 2022. Ongezeko la namna hii haliwezi kuelezwa kwa vizazi peke yake. Sehemu yake kubwa ni watu walioingia: kijana wa Kilimanjaro ambaye kihamba cha baba yake kimegawanywa mpaka hakigawanyiki tena, mkulima wa Mtwara ambaye bei ya korosho imemwangusha, binti wa Singida aliyeletwa kufanya kazi za nyumbani.

Lakini katika tarakimu hizo limo jambo ambalo wengi hawalioni. Kati ya mwaka 2002 na 2012 mkoa uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 kila mwaka. Kati ya 2012 na 2022 uliongezeka kwa asilimia 2.1 tu, chini ya wastani wa nchi nzima, ambao ulikuwa asilimia 3.2. Je, watu wameacha kuja? La. Tazama mkoa jirani wa Pwani: uliruka kutoka watu wapatao milioni 1.1 mwaka 2012 hadi milioni 2.02 mwaka 2022. Mji umefurika nje ya mpaka wake. Watu wanajenga Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, huku wakifanya kazi mjini. Mstari uliochorwa na serikali hauwazuii watu; wabadili tu daftari ambamo wanahesabiwa.

Kariakoo yenyewe yaonyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, nyumba za ukumbi na vyumba sita zimebomolewa moja baada ya nyingine na maghorofa kusimama mahali pake, yenye maduka chini na bohari juu. Familia nyingi za wenyeji ziliuza viwanja au kuingia ubia na wajenzi, zikaenda kuishi Mbagala, Kimara, Gongo la Mboto na kwingineko. Soko kuu lililosanifiwa na msanifu wa Kitanzania Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Hata hivyo biashara ya mitaa iliyolizunguka haikukoma. Mchana mitaa imejaa wauzaji, wachukuzi, mama lishe, wamachinga, na wanunuzi kutoka mikoani na nchi jirani. Usiku wengi wao hawapo.

Sensa huhesabu watu mahali walipolala. Katika sensa ya Agosti 2022 mwuza vitenge wa Mtaa wa Kongo alihesabiwa Mbagala. Kwa hiyo kuna Kariakoo mbili: ya usiku iliyo katika daftari la serikali, na ya mchana isiyo katika daftari lolote. Usharika unaotumia hesabu ya usiku peke yake utaona unakufa, hali umezungukwa na maelfu ya watu kila siku ya kazi.

WANYAMA: SOTOKA, NYUMBU, TEMBO NA KUNGURU

Tukigeukia wanyama twaona njia zile zile nne zikifanya kazi, na nyuma yake mambo makuu matatu: magonjwa, chakula, na mkono wa mwanadamu.

Kuhusu magonjwa, hakuna mfano mkubwa kuliko sotoka. Ugonjwa huu wa ng'ombe uliingia Afrika Mashariki mnamo 1890 na 1891, ukaua sehemu kubwa mno ya ng'ombe, na mahali pengine karibu wote. Nyati na nyumbu walikufa pia. Wamasai waliokuwa wakiishi kwa maziwa na damu ya mifugo walipatwa na njaa kuu, na ndui ikaja juu yake. Hapa twajifunza kwamba idadi ya wanyama na idadi ya watu hazitembei katika njia mbalimbali. Ng'ombe walipoanguka, watu walianguka nao. Kadhalika mahali palipokosa mifugo palimea vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakazuia watu kurudi.

Chakula nacho chaonekana Serengeti. Sotoka iliendelea kuwaua ndama wa nyumbu kwa miaka mingi, mpaka ng'ombe waliokuwa kando ya hifadhi walipochanjwa katika miaka ya 1950 na ugonjwa ukatoweka kwa wanyamapori mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa kama 260,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni 1.3. Kisha ongezeko likasimama, pasipo mtu kulisimamisha. Wataalamu walieleza kwamba kizuizi kipya ni majani ya wakati wa kiangazi: nyumbu wakiwa wengi, kila mmoja hupata kidogo, wadhaifu hufa, na idadi hurudi pale ambapo nchi yaweza kuwalisha. Huu ndio unaoitwa uwezo wa mahali. Kizuizi kimoja kikiondolewa, idadi hupanda mpaka ikutane na kizuizi kinachofuata. (Sotoka yenyewe ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani kote.)

Mkono wa mwanadamu waonekana kwa tembo. Katika eneo la Selous walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 2013 walihesabiwa kuwa kama 13,000. Tembo huchukua mimba karibu miezi 22 na huzaa ndama mmoja kwa miaka kadhaa. Kiumbe anayezaa polepole hawezi kulipa haraka deni la vifo. Ndiyo maana ujangili wa miaka michache huacha pengo la kizazi kizima.

Kuna pia mnyama ambaye mkazi wa Kariakoo humwona kila asubuhi: kunguru. Yule mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa pwani yetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, kwa nia njema, ili ale takataka za mji. Baadaye kizazi chake kilienea pwani ya bara. Kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe, ametoweka kwa kiasi kikubwa katikati ya jiji, mgeni amemshinda. Mgeni huyu hula mayai na makinda ya ndege wengine, huiba vifaranga, na huchafua vyakula.

Kuanzia mwaka 2010 ilifanyika kampeni ya kumwangamiza Dar es Salaam kwa mitego na sumu, na kunguru wengi sana waliuawa. Hata hivyo hadi leo yupo. Sababu ni rahisi kwa aliyeelewa habari ya nyumbu. Kampeni iliongeza vifo, lakini haikugusa chakula. Madampo yalibaki wazi, mabaki ya nyama na samaki yakabaki mitaroni, na kila kunguru aliyekufa alimwachia mwenzake nafasi na shibe. Idadi ya kunguru ni kioo cha takataka zetu. Anayetaka kunguru wapungue na afunike takataka.

MCHUNGAJI MALTHUS NA HOFU YA WINGI

Wanafunzi wetu wengi hushangaa kusikia kwamba mmoja wa waasisi wa elimu hii alikuwa kasisi. Thomas Robert Malthus, kasisi wa Kanisa la Uingereza, alitoa mwaka 1798 kitabu chake juu ya idadi ya watu. Alidai kwamba watu huongezeka kwa kuzidishwa, yaani mbili, nne, nane, kumi na sita, hali chakula huongezeka kwa kujumlishwa, yaani moja, mbili, tatu, nne. Kwa hiyo njaa, maradhi na vita ndivyo vinavyorudisha idadi katika mipaka yake, isipokuwa watu wajizuie. Sura mbili za mwisho za chapa ya kwanza zilikuwa za kitheolojia: kwa nini Mungu mwema aliweka ugumu huu. Mwaka 1838 Charles Darwin alisoma kitabu hicho, na kikamsaidia kuunda mawazo yake juu ya wanyama na mimea. Hivyo fundisho lililotungwa juu ya watu maskini likahamia kwa wanyama.

Je, Malthus alisema kweli? Kwa nyumbu, kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kwa wanadamu, historia imeonyesha mambo mawili aliyoyapunguzia uzito. La kwanza ni kwamba mwanadamu aweza kuubadili uwezo wa mahali. Wachaga kwa mifereji na migomba yao, na Wakara wa kisiwa cha Ukara kwa samadi na matuta yao, waliifanya ardhi ndogo ilishe watu wengi kuliko mgeni angedhani. La pili ni kwamba watoto wanapoacha kufa, wazazi baada ya muda huzaa wachache. Mnyama aliyeshiba huzaa zaidi. Mwanadamu aliyepata usalama, na hasa mwanamke aliyesoma, mara nyingi huzaa pungufu.

Jambo hili linatokea nchini mwetu sasa. Uchunguzi wa afya wa mwaka 1999 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 43. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 6.2 katika uchunguzi wa 1991-92, na 4.8 mwaka 2022. Mijini ni pungufu zaidi kuliko vijijini. Twaona kwamba vifo vimeshuka kwa kasi kuliko uzazi. Katika nafasi iliyo kati ya mistari hiyo miwili ndimo idadi yetu inamoongezeka: kutoka milioni 44.9 mwaka 2012 hadi milioni 61.7 mwaka 2022. Taifa linaloongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka huwa maradufu katika miaka ipatayo 22. Hata uzazi ukiendelea kushuka, ongezeko halitakoma kesho, kwa maana zaidi ya Watanzania wanne katika kila kumi wana umri chini ya miaka 15, nao watakuwa wazazi.

Kwa hiyo yatupasa kukataa mafundisho mawili yaliyo mepesi. Moja ni la hofu, lisemalo kwamba maskini ni wengi mno na wingi wao ndio kosa lao. Wengi wetu ni wengi kwa sababu watoto wetu hawafi tena kama zamani, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu kabla halijawa tatizo la kupangiwa. La pili ni la uzembe, lisemalo kwamba kwa kuwa imeandikwa tuongezeke, hakuna la kufikiri. Mama anayezaa kila mwaka pasipo kupumzika, na mtoto anayekosa dawati, si uthibitisho wa baraka.

BARAKA, SENSA NA HATARI YA KUWAHESABU WATU VIBAYA

Twende kwenye Maandiko. Mara nyingi twahubiri Mwanzo 1:28 kana kwamba baraka ya kuongezeka ilianzia kwa mwanadamu. Sivyo. Samaki na ndege waliipokea kwanza (Mwa. 1:22). Baada ya gharika, Nuhu aagizwa kuwatoa wanyama ili waongezeke juu ya nchi (Mwa. 8:17), na agano linafanywa na kila kiumbe hai (Mwa. 9:9-10). Wingi wa mwanadamu unaofuta wingi wa viumbe wengine hauwezi kuitwa utimizo wa baraka hiyo. Luther naye, anapoieleza sehemu ya kwanza ya Imani katika Katekisimo Ndogo, amweka mwumini pamoja na viumbe vyote kuwa kazi ya Muumba mmoja. Tembo wa Selous wana neno katika theolojia yetu.

Walakini hapa ndipo mwanadamu na mnyama wanapotengana. Kunguru twaweza kumhesabu kama kundi. Mtu hawezi kuhesabiwa kama kundi tu pasipo kuumizwa. Farao aliutazama wingi wa Waebrania kama tishio, na hatua yake ya mwisho ilikuwa kuwatupa watoto wa kiume mtoni (Kut. 1:8-22). Daudi aliwahesabu watu ili aone nguvu zake, na jambo hilo likawa dhambi (2 Sam. 24, 1 Nya. 21). Lakini sensa za Musa ziliamriwa na Mungu, na zilifanywa kwa jamaa na kwa majina (Hes. 1:2). Tofauti haimo katika kuhesabu. Imo katika swali: twahesabu ili kutawala, au ili kutunza?

Historia ya Dar es Salaam ina mambo ya aina zote mbili. Serikali ya kikoloni iliwahesabu wapagazi kwa mizigo waliyoweza kubeba. Baadaye iliwaita wahuni vijana wasio na ajira, ikawakamata na kuwarudisha makwao; nao walirudi mjini. Baada ya uhuru nasi hatukusalimika na fikra hiyo. Chini ya Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikusanywa mitaani na kupelekwa mashambani, na wengi wao wakarudi. Kwa nini walirudi? Kwa sababu ile ile tuliyoiona. Waliondolewa watu, hazikuondolewa sababu zilizowaleta. Kijijini bei ya mazao ilibaki chini, na mjini bado kulikuwa na riziki.

Hata leo husikika watu wenye heshima zao wakisema wamachinga wamejaa kama kunguru. Tunawasihi watumishi wenzetu wasiyachukue maneno hayo kinywani. Kunguru hana sababu ya kutueleza kwa nini amekuja. Mwanadamu anayo, na anaweza kuulizwa. Njia nne za badiliko ni zile zile kwa wote wawili, lakini kila aingiaye mjini ni mtu aliyefikiri, aliyeaga wazazi, na aliyeacha kaburi la babu. Ayatazamaye makundi tu hatamwona.

WAJIBU WA MTUMISHI

Kutokana na hayo twapendekeza mambo machache kwa sharika zetu, hasa zilizo mijini.

Kwanza, daftari la washarika ligawanywe kwa njia nne: waliozaliwa na kubatizwa, waliofariki, waliohamia, na waliohama. Panapowezekana, pembeni iandikwe sababu na mahali walikokwenda. Mzee wa kanisa wa kila jumuiya aweza kuifanya kazi hiyo katika saa chache kila robo ya mwaka. Halmashauri itakayosoma daftari la namna hiyo haitamlaumu mchungaji wake kwa sababu ya kodi za nyumba, wala haitamsifu kwa sababu ya ghorofa jipya lililojaa wapangaji.

Pili, aliyehama asiandikwe kana kwamba amepotea. Msharika aliyetoka Kariakoo kwenda Mkuranga anahitaji barua ya kumtambulisha, na mchungaji wa huko anahitaji kupewa habari. Tukumbuke kwamba kutawanyika kwa Kanisa la Yerusalemu kulikuwa hasara katika daftari la Yerusalemu, lakini waliotawanyika walilihubiri Neno kila walikopita (Mdo. 8:1-4).

Tatu, Kanisa katikati ya mji lihudumie watu wa mchana. Ibada fupi ya saa za chakula, mlango ulio wazi siku za kazi, mtu wa kumsikiliza mchukuzi aliyeibiwa: hizo ni huduma kwa usharika usiolala pale. Yeremia aliwaandikia wahamishwa wajenge, waoe, waongezeke huko huko, na wautafute usalama wa mji walimo (Yer. 29:5-7). Hakuwaambia wasubiri kurudi makwao ndipo wawe watu.

Nne, katika mafundisho ya ndoa tuseme juu ya uzazi kwa kweli na kwa upole. Mume na mke wafundishwe kupanga uzazi kama wajibu wa mawakili wa Mungu, si kama woga wa maskini. Na mwanamke asiyezaa asihukumiwe kwa kipimo cha idadi. Sara, Rebeka, Raheli na Hana wote waliwahi kuhesabiwa tasa, na Mungu hakuwahesabu hivyo.

Tano, tusiwafundishe watu kuomba wadudu, panya na kunguru waondoke huku takataka za soko zimeachwa wazi mbele ya milango yetu. Utunzaji wa uumbaji katika mji huanza na pipa lenye mfuniko.

HITIMISHO

Tumeona kwamba idadi ya viumbe hubadilika kwa njia nne, na kwamba nyuma ya njia hizo kuna magonjwa, chakula, na matendo ya wanadamu. Tumeona kwamba kizuizi kikiondolewa idadi hupanda hadi kizuizi kingine, na kwamba kuwaondoa viumbe pasipo kuondoa sababu ya kuja kwao ni kazi isiyo na mwisho. Tumeona pia kwamba mwanadamu, tofauti na nyumbu, aweza kuubadili uwezo wa mahali na aweza kupanga uzazi wake. Na kwamba anayo haki ya kuhesabiwa kwa jina.

Wapagazi walioipa Kariakoo jina lake walikuwa idadi tu katika daftari za waliowatuma. Kanisa linalotumika mahali hapo leo lina deni la kutorudia jambo hilo. Mchungaji yule wa mfano wa Bwana wetu alijua kuhesabu: pasipo hesabu asingalijua kwamba mmoja kati ya mia hayupo (Lk. 15:4). Lakini baada ya kuhesabu hakuandika taarifa akaketi. Aliondoka kwenda kumtafuta.